Chama kinachosikika siku ya kudai tu hakiaminiwi: jibu kwa katibu wa Moshi

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wahudumu wa afya mkoani Kilimanjaro. Kabla ya awamu ya chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kutolewa mashuleni, sauti ya WhatsApp ilizunguka Moshi nzima ikidai chanjo hiyo inafunga kizazi. Tuliitisha kikao, na siku ya tano tukatoa tamko la kurasa mbili. Wazazi wakatujibu kwamba sisi ni wale wale, tunatetea vibarua vyetu. Tufanye nini ili jamii ituamini, wakati mfuko wa tawi kwa robo mwaka ni shilingi laki tano? Na je, tutoe tamko la pili?

JIBU: Katibu, tamko la pili tutalifikia mwishoni. Kwanza fungua faili la matamko yote ambayo tawi lenu limetoa kwa miaka miwili, kisha uyagawe mafungu matatu. Fungu moja ni ya maslahi yenu: posho, vyeo, uhaba wa watumishi. La pili ni ya pongezi na maadhimisho. La tatu ni yale yanayompa mwananchi kitu cha kutumia nyumbani kwake jioni ile ile. Fungu hilo la tatu likiwa na karatasi moja au halipo kabisa, umeshapata sababu ya jibu la wazazi. Sauti yenu wameizoea pale mnapodai. Wengi bado wanakumbuka mgomo wa madaktari wa 2012, na hawakumbuki mwaka ambao chama chochote cha wahudumu kiliwatafuta bila kuhitaji kitu kutoka kwao. Kudai haki zenu si kosa, endeleeni kudai. Ila anayesikika siku ya kudai tu, siku akisema "chanjo ni salama" watu watamsikiliza kama anayedai vilevile.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika wakati hakuna uvumi wowote, kwa kusema mambo ambayo chama hakipati chochote kwa kuyasema. Mfano uko jirani yenu. Maji ya sehemu za Arumeru, hasa Ngarenanyuki, yana madini ya floraidi kwa wingi, na ndiyo chanzo cha meno ya kahawia ambayo kila mtu wa ukanda huu anayatambua. Shirika la Afya Duniani linaelekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mama wengi wanaamini kuchemsha maji kunamaliza tatizo. Kuchemsha huua vijidudu, floraidi inabaki pale pale, tena maji yakipungua sufuriani yanayobaki huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Kichujio cha mkaa wa mifupa ndicho kinachoipunguza, na mkaa wake lazima ubadilishwe kwa wakati kwa sababu hushiba. Madhara ya meno hupatikana utotoni, kabla ya umri wa miaka 8 hivi, meno ya ukubwani yanapojiunda ndani ya taya. Kwa hiyo maji ya mtoto mdogo ndiyo ya kutafutiwa njia kwanza kama hela haitoshi kwa familia nzima. Taarifa kama hii haiwaongezei posho wala heshima ya kisiasa. Mkitoa moja kila mwezi, fupi, yenye jambo moja tu, ndani ya mwaka watu watakuwa na sababu 12 za kuwasikiliza.

Chagueni mada kwa kuuliza wanaoulizwa. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mtoa dawa wa duka la dawa muhimu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua maswali ya wiki. Kila Ijumaa kila mmoja akutumie matatu aliyoulizwa zaidi. Mara nyingi hayatakuwa ya kitabibu. Watakuuliza bei, foleni, na kwa nini mama mjamzito aliambiwa anunue glovu wakati alisikia huduma ni bure.

Hapo kwenye bei ndipo vyama hukwepa, na ndipo imani nyingi inapopotelea. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, na wapo walioacha ARV kwa sababu yake. Wahudumu wengi waliishia kuwacheka waliokwenda. Kuwacheka kulifunga mlango, na swali la maana halikuulizwa: kule walipewa nini ambacho zahanati haikuwapa? Bei ilijulikana kabla mtu hajatoka nyumbani, shilingi 500, kwa tajiri na maskini. Maelekezo yalikuwa ya sentensi moja, na hakuna aliyefokewa. Tiba haikuwepo, lakini heshima ilikuwepo, na mgonjwa hukumbuka heshima. Tawi lenu haliwezi kupanga bei za hospitali. Linaweza kubandika ukurasa mmoja unaoeleza sera ya msamaha inamgusa nani: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Chini yake andikeni mtu aende ofisi gani anapotozwa kinyume chake. Ukurasa huo upitiwe kwanza na ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa sababu mkikosea hapo mtakuwa mmemtuma mzee wa watu dirishani kwenda kuaibika.

Jambo jingine linalowachanganya wananchi ni chama ni nani. Mtu aliyefanyiwa ubaya wodini anaandikia chama, chama kinanyamaza kwa sababu hakina mamlaka, na yeye anaamua mnafichana. Semeni kila mara, bila kusubiri kuulizwa, kwamba chama hakitoi leseni wala hakifuti. Malalamiko ya daktari yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ya muuguzi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga, ya mfamasia Baraza la Famasi. Wafundisheni watu kuhakiki usajili wa anayewatibu. Chama kinachomwelekeza mwananchi njia ya kumlalamikia mwanachama wake kinaonyesha kwamba hakiwaogopi wananchi, na hiyo inawasogeza mbele kuliko mabango kumi.

Sasa turudi kwenye ile sauti. Ilisikika kwa muda mfupi, kwa lugha ya nyumbani, kutoka kwa mtu aliyejiita mzazi mwenzao. Jibu lenu lilikuwa karatasi yenye nembo, siku ya tano, na bila shaka lilianza na "Chama kimepokea kwa masikitiko". Uvumi wa sauti hujibiwa kwa sauti. Mtafuteni muuguzi anayejulikana kata hiyo, si lazima mwenyekiti, arekodi sekunde 60 hadi 90, ataje jina na kituo chake. Mpangilio wa maneno una uzito: anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu, eleza unakosea wapi, malizia na ukweli. Ukianza na "Si kweli kwamba chanjo inafunga kizazi" na kuirudia mara tatu, unausambaza wewe. Msikilizaji akisahau neno "si", kinachobaki kichwani ni "inafunga kizazi". Iwe namna hii:

"Wazazi wenzangu, chanjo ya HPV inamkinga binti na aina za virusi zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa nchi yetu. Ipo sauti inayosema inafunga kizazi. Chanjo haigusi mayai wala mji wa mimba, inaufundisha mwili kuvitambua virusi hivyo tu. Hapa Kilimanjaro ilitolewa mashuleni tangu 2014, kabla ya kwenda nchi nzima 2018. Wasichana wale sasa ni wanawake, na wapo wenye watoto wao. Mkono unaweza kuuma siku moja au mbili, homa kidogo inaweza kuja, na wapo wanaopata kizunguzungu wakichomwa wakiwa wamesimama. Ndiyo maana tunawakalisha dakika 15. Ni dozi moja, ni bure. Ukiwa na swali njoo kituoni, au piga 199, hulipii."

Angalia jambo la 2014. Hoja hiyo mkoa wenu unayo, na haimo kwenye kipeperushi kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Mama mzazi hashawishiki sana na neno "utafiti", anashawishika na dada wa jirani aliyechanjwa darasani na leo amebeba mtoto. Akikubali mwenyewe kusimama na kusema, msindikizeni. Asipokubali, msimtaje hata kwa fumbo.

Angalia pia kwamba maudhi yametajwa mapema, na hiki ndicho kipengele ambacho kamati tendaji nyingi hukifuta kwa kuogopa kutisha watu. Mwaka 2014 katika mji wa El Carmen de Bolívar, Kolombia, wasichana wengi walizimia na kupata ganzi wakati wa chanjo hii, video zikasambaa, na uchunguzi haukuona kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo wazazi nchi nzima waliikimbia, na idadi ya waliochanjwa ikaporomoka. Hofu ya kuchomwa huambukizana kwenye foleni. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba kizunguzungu kinaweza kutokea atamwona binti yake amelala kivulini na kumpa maji. Asiyeambiwa ataona mlimficha, na ataamini mmemficha na mengine. Kwa hiyo pangeni na mratibu wa chanjo wa wilaya: watoto wawe wamekula, wachomwe wamekaa, faraghani, si mbele ya darasa zima.

Kwa simu za kitochi tumieni SMS. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160 ukihesabu na nafasi. Ukiweka kikatuni au alama za kunukuu zilizopinda zinazonakiliwa kutoka kwenye kompyuta, kikomo kinashuka hadi 70 na utatozwa mbili au tatu. Hii ina 145: "Chanjo ya HPV inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Haifungi kizazi. Dozi ni 1, bure. Mkono kuuma siku 1-2 ni kawaida. Una swali? Piga 199 bure." Kabla ya kutuma, wasomeeni watu 5 au 6 wasio wahudumu, mmoja mmoja: muuza ndizi wa Mbuyuni, dereva bodaboda, mlinzi. Usiulize "umeelewa?", maana kila mtu atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie, "Ukifika nyumbani utamwelezaje mwenzako?" Wawili wakikosea sehemu ile ile, sentensi ndiyo mbovu.

Kuhusu siku tano. Hamhitaji majibu yote ili kufungua mdomo. Ndani ya saa chache toeni maneno yenye mambo matatu: tunachojua, tusichojua, na saa tutakayorudi. "Tumeisikia sauti inayozunguka kuhusu chanjo. Tunajua chanjo hii imetumika mkoani kwetu tangu 2014. Hatujajua kama kuna mtoto aliyeugua wiki hii. Tumemuuliza mratibu wa chanjo wa wilaya. Tutarudi kesho saa 4 asubuhi." Kisha kesho saa 4 mrudi, hata kama mratibu hajajibu, mseme hajajibu. Ningechagua chama kinachorudi saa kiliyosema kikiwa mikono mitupu kuliko chenye tamko zuri la siku ya tano. Mwananchi hawezi kupima utaalamu wenu. Anaweza kupima kama mlifanya mlichosema, na kwa kipimo hicho hukadiria mengine yote. Ili hili liwezekane, kamati ipitishe mapema kwamba watu wawili, katibu na mwanachama mmoja wa fani husika, wanaweza kutoa maneno ya kwanza bila kikao. Kilichowachelewesha nyinyi ni akidi ya kikao, naamini unalijua hilo.

Mipaka ipo. Kutangaza mlipuko wa ugonjwa ni kazi ya Wizara ya Afya, na tawi likitangulia linaweza kukosea na kuingia matatani kisheria. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, kazi nzuri ya vyama ilikuwa kurahisisha maelezo. Nini maana ya kufuatilia waliokaribiana na mgonjwa kwa siku 21? Kwa nini zilihesabiwa siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho, hadi tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuisha? Ni siku 21 mara mbili, kwa sababu huo ndio muda mrefu zaidi virusi vinavyoweza kukaa mwilini kabla ya dalili, na unarudiwa ili asibaki mtu aliyejificha katika hesabu. Mtu akieleweshwa hivyo, zile siku anazihesabu pamoja nawe.

Mpaka wa pili ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuficha jina hakutoshi. "Mama wa miaka 34 wa Rau aliyejifungua Jumanne" ni jina kamili kwa watu wa Rau. Picha ya wodini isipigwe, hata ya mgongo wa mgonjwa.

Kwenye takwimu, tumieni watu badala ya asilimia, na msibadilishe idadi ya msingi katikati ya maelezo. Mkisema "1 kati ya 50" halafu "3 kati ya 1,000", wengi wataona ya pili ni kubwa kwa kuwa tarakimu zake ni kubwa. Na msiseme "hatari imeongezeka mara mbili" bila kusema kutoka ngapi. Uingereza mwaka 1995 wanawake walitangaziwa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Ilikuwa kweli: kutoka karibu mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2. Wengi waliviacha kwa hofu, na mwaka uliofuata mimba zilizotolewa England na Wales ziliongezeka kwa karibu 13,000. Upande wa pili ni kutuliza kupita kiasi. Nchi hiyo hiyo, 1990, waziri wa kilimo alionekana mbele ya kamera akimpa binti yake mkate wa nyama ya ng'ombe kuonyesha ni salama; 1996 serikali ikatangaza kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe unahusishwa na vifo vya binadamu. Neno "salama kabisa" liondoeni kwenye msamiati wa tawi.

Siku mwanachama wenu atakapokosea, mfano mama akifariki wakati wa kujifungua, familia isikie kwenu kabla ya redio. Nendeni wawili, mmoja wa jinsia ya mfiwa mkuu, na mtoe pole isiyo na utetezi ndani yake. Hadharani semeni nani anachunguza na mtarudi lini. "Uchunguzi unaendelea" bila tarehe ni kimya kilichovaa maneno. Msimtetee mwenzenu kabla ya Baraza kusema, wala msimhukumu. Na kitu kikibadilika baada ya tukio, kwa mfano sasa damu inahifadhiwa kituoni, tangazeni, kwa sababu watu wakiona malalamiko yao yameleta kitu wataleta mengine wodini badala ya kuyapeleka vijiweni.

Laki tano zenu zinatosha kama hamtachapisha fulana. Sehemu kubwa iwe vocha na nauli. Matangazo ya kanisani baada ya ibada ni ya bure. Andikeni maneno yasiyozidi 120 ili msomaji amalize ndani ya dakika moja na nusu, na mpeleke Alhamisi, si Jumapili asubuhi. Msikitini zungumzeni na imamu mapema wiki hiyo. Radio Sauti ya Injili iko Moshi hapo hapo, na Radio 5 inasikika kutoka Arusha. Ombeni kipindi cha nusu saa ambacho dakika 20 ni za simu za wasikilizaji. Mkijaza nusu saa nzima kwa hotuba mmeitupa. Wazee wa migombani waelezwe Kichaga. Mkishirikiana na wenzenu wa Longido na Monduli, Kimaasai ni lazima, na ipitie kwa laigwanan, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, kwanza. Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, familia nzima iko pamoja na wenye maamuzi wapo. Hakuna wiki bora ya kuzungumzia shinikizo la damu na kisukari.

Fedha ya mfadhili chungueni inatoka wapi. Kanuni za kimataifa za kuzuia utangazaji wa maziwa mbadala zipo tangu 1981, na bado wapo wanaowajia wakunga na kalenda na semina. Kalenda moja yenye nembo ya maziwa ya kopo ukutani kwa mkunga inafuta miezi ya maelezo kuhusu kunyonyesha. Kila mlichopokea, hata maji ya kunywa kikaoni, kiandikwe kwenye taarifa ya mwaka inayosomwa na yeyote.

Kila baada ya miezi mitatu pimeni. Waulizeni watu 30, kumi stendi, kumi sokoni, kumi kliniki, na muulizaji asiwe mwanachama wala asivae koti jeupe. Maswali mawili yanatosha: "Ukisikia uvumi kuhusu dawa au chanjo, unamuuliza nani kwanza?" na "Mara ya mwisho wahudumu wa afya waliposema watafanya jambo, walilifanya?" Msitarajie badiliko robo ya kwanza.

Sasa tamko la pili: msilitoe. Waliosikia ile sauti hawatasoma karatasi nyingine. Ombeni nafasi kwenye mikutano ya wazazi ya shule tatu kabla ya awamu ijayo ya chanjo, dakika 15 tu kila mkutano. Tano muuguzi aeleze yale yaliyo kwenye sauti yake, kumi ziachwe kwa maswali. Swali la kizazi litaulizwa na mzazi wa kwanza au wa pili. Asikatishwe, asichekwe. Swali ambalo muuguzi hana jibu lake aliandike mbele yao, aseme siku atakayolileta kwa mwalimu mkuu, na alilete siku hiyo.